Mikono ya Baba

Namchukia baba mkubwa, na wanaoniambia nisamehe hawakuwapo.

Baba yangu aliugua miaka ya tisini, kwetu Gesima, ambako asubuhi za baridi majani chai huchumwa kwa vidole vilivyokufa ganzi. Vyake viligeuka buluu. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya mkandaa. Mama ndiye aliyegundua kwamba akiibana mikono ya baba kwapani mwake, rangi inarudi, basi akawa analala nayo hivyo.

Hospitalini mjini Kisii walimtoa damu. Kichupa kilikaa dirishani, mvua ikinyesha. Mama alipoingia na uji, daktari alikiinua tukaona damu imeshikana mabonge. Baba mkubwa hakukitazama kichupa. Alimtazama mama.

“Amasangia,” akasema.

Kwetu neno hilo linatosha kumzika mwanamke akiwa hai: mke aliyetoka nje ya ndoa akimkaribia mumewe mgonjwa, mume hufa. Ushahidi hakuwa nao. Alimtoa mama chumbani, na blanketi alilokuwa ameleta akalirusha nyuma yake, eti lina jasho lake.

Daktari, kijana wa upande wa ziwa, alijaribu kumweleza. “Mzee, kuna chembe moja nyeupe ya damu imeharibika, ikazaana. Zote ziko na kishikio sawa, na hiyo kishikio inakamata damu yake mwenyewe ikipata baridi. Ni saratani. Sio bibi yake. Hebu shika hii chupa kwa mkono.”

Baba mkubwa akakifumbata. Mabonge yakalegea, damu ikatiririka kama kawaida. Nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani mama anarudi.

“Si umeona?” akamwambia daktari. “Huyo mama ametoka tu, damu imefunguka.”

Daktari alibisha mpaka akachoka. Shangazi zangu walisimama mlangoni kama askari, na baba hakuwa na nguvu ya kuwapinga. Alikuwa akimwita mama kwa sauti ndogo, naye mama akimwitikia kutoka verandani, blanketi mkononi.

Baba alikufa wiki hiyo, kando ya dirisha lile, mikono nje ya shuka. Sisemi joto la mama lingemponya. Nasema alikufa akiwa na baridi, na dawa ya baridi ilikuwa hatua chache tu kutoka kitandani.

Baadaye daktari mwingine aliniambia kwamba wagonjwa wengi wa ugonjwa ule, watu wa nchi za mbali wasiojuana, hukutwa na kishikio kinachofanana na cha baba. Nilimpelekea baba mkubwa habari hiyo mbele ya wazee wenzake. Nikamuuliza kama wake wa wote hao nao walitoka nje ya ndoa.

“Wewe ni mtoto wa mama yako,” akajibu.

Sasa amezeeka. Tukikutana hunyoosha mkono anisalimie, na mkono wake bado una joto, wasema wanaoushika.