Nilivyomponza Remedios kwa Kuandika Jina Lake

Kosa ni langu, jamani, msimtafute mwingine. Mimi niliyeishia darasa la sita, tena lenyewe nikatoka kabla ya mtihani, ndiye niliyejitia kurekebisha kazi ya mwandishi!

Naosha vyombo jikoni hospitalini hapa Stockholm tangu mwaka sabini na tatu. Mwenzangu sinki la pili alikuwa Remedios, Mfilipino, mwanamke wa makamo. Mimi nasugua, yeye anasuuza. Kiswidi chetu kibovu sawasawa, ndiyo maana tulielewana.

Siku moja akaniambia anaandika hadithi fupi. Kwao Manila kuna tuzo kila mwaka, na mtu akishinda, hata magazeti yaliyokuwa yakimrudishia kazi zake yanaanza kumtafuta. Yeye yalishamrudishia mpaka akachoka kuhesabu. Nikamuuliza hiyo hadithi ina kurasa ngapi. Kumi na nne. Nikacheka mpaka sahani ikaniponyoka. Kurasa kumi na nne unapewa tuzo? Barua zangu za kumwomba mama radhi kwa kutoandika ni ndefu kuliko hiyo!

Wiki ya mwisho ya kutuma hadithi, akapangiwa zamu mchana kutwa. Mimi napita posta ya Farsta nikirudi nyumbani, basi akanipa bahasha kubwa niipeleke. Ndani nakala nne, na bahasha ndogo iliyofungwa. Ile kubwa niifunge hukohuko, ikishapimwa uzito.

Kwenye treni nikachungulia. Chini ya kichwa cha hadithi hakuna Remedios. Kuna jina la kubuni, sijui Ua la Nini. Nikadharau! Mwandishi gani anajificha kama mwizi wa kuku? Na majaji nikawadharau vilevile: wakubwa ni wakubwa tu, wanatazama jina la mtu na anakotoka. Nikatoa kalamu, nikalifuta lile ua, nikaandika jina lake kamili kwenye nakala zote nne. Chini yake nikaongeza: STOCKHOLM, SWEDEN. Waogope!

Jibu lilichukua miezi. Remedios akanisomea palepale kwenye sinki. Hadithi imeondolewa bila kusomwa, kwa sababu jina la mwandishi limeonekana. Sharti ni jina la kubuni juu, la kweli ndani ya bahasha ndogo, na haifunguliwi mpaka mshindi apatikane.

Akadhani aliyekosea ni binti aliyempigia taipu na kumpangia nakala kwenye bahasha, Mfilipino mwenziwe, rafiki yake wa pekee huku. Akaacha kumsalimia. Nami nikanyamaza siku tisa!

Ya kumi nikasema. Hakufoka. Alifunga bomba.

"Kaka, kwenye tuzo ile tu ndipo wasingejua mimi ni nani, wala kwamba naosha vyombo."

Nikajitetea kwamba nilitaka kumsaidia.

"Hadithi yenyewe uliisoma?"

"Hapana, dada. Kiingereza changu unakijua."

"Ungeniambia nikusomee."

Alimwomba msamaha yule binti, kisha akaomba kuhamishwa zamu. Sasa nasuuziwa na mzee mmoja Mswidi asiyecheka hata nikianguka. Hadithi ile sijui inahusu nini mpaka leo, na wa kumuuliza simsogelei.

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa bahasha ya mtu, fikisha. Na kama kazi yake unaidharau, angalau isome kwanza. Mimi nilidharau kurasa kumi na nne, na maneno yote niliyoyajua humo ni yale niliyoyaandika mwenyewe.