Kufuli la Pangoni

Mimi si mtu wa matambiko. Nakaa Nkuhungu, nauza spea za pikipiki, na mvua ikichelewa kwetu mjini tunalalamikia vumbi, basi. Lakini msimu ule mama mkubwa alinipigia simu kutoka kijijini kwake, kwenye vilima vya Kondoa. Uwele ulikuwa umechipua na sasa unakauka. Wanawake wa ukoo walimchagua yeye apande pangoni kuomba mvua, na magoti yake hayakiwezi tena kile kilima peke yake. Nikafunga duka nikaenda.

Pango lenyewe ni mwamba mkubwa ulioinama, wenye michoro myekundu ya watu na twiga. Aliyeichora hajulikani, ni ya kale mno. Watalii huja kuitazama. Bibi zetu walikuja kuomba chini yake. Mama mkubwa anaswali swala zote tano na haoni ugomvi wowote hapo. Mvua ni ya Mungu, husema, na pale ni mahali pa kubishia hodi.

Anayetumwa huvaa kaniki nyeusi, hukoroga unga wa uwele na maji ndani ya kibuyu, hupanda pekupeku, na tangu atoke nyumbani haongei na mtu mpaka amwage chini ya mwamba. Kibuyu hakirudi na kitu ndani. Ukikirudisha nacho, umeirudisha mvua.

Tulipofika juu tukakuta geti la wavu wa chuma, limefungwa kwa kufuli. Mlinzi, mtu wa makamo kama mimi, alisema tambiko limepigwa marufuku kwa sababu uchafu unaharibu michoro. Nikamweleza kwamba mama mkubwa hamwagi kwenye michoro, anamwaga chini, kwenye udongo. Akasema hata tone haliruhusiwi, amwagie nje. Nikamuuliza michoro hiyo ilitunzwa na nani miaka yote kabla kufuli lake halijatengenezwa. Akageukia upande mwingine. Nilitamani kuling'oa lile geti kwa mikono. Uchafu! Unga wa uwele ambao mama mkubwa mwenyewe alikuwa anajinyima ili autoe!

Yeye aliketi juu ya jiwe, kibuyu mapajani, kimya. Mdomo wake haukuwa na ruhusa ya kujitetea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mara wakaja watalii na mwongozaji wao. Kufuli likafunguliwa bila swali, wakaingia, likafungwa nyuma yao. Sisi tukabaki tunachungulia kwenye wavu. Mmoja wa wageni akalalamika kwamba picha zimefifia, hazionekani vizuri kwenye simu yake. Mwongozaji akafungua chupa ya maji akaurushia mwamba, pwaa, juu ya twiga wenyewe. Wekundu ukang'aa. Wakapiga picha. Maji yakachuruzika na vumbi jekundu mpaka chini, na mlinzi alikuwa pale pale na funguo zake mkononi, anaangalia. Michoro ilipokauka kidogo, mwongozaji akafungua chupa ya pili.

Nikapiga kelele. Nilitukana, na sijutii hata neno moja. Nikamwambia mlinzi kama huo si uharibifu, basi anieleze uharibifu ni nini. Aliyejibu ni mwongozaji, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mlevi.

"Ni maji tu, kaka."

Hapo mama mkubwa akasimama. Akaushika wavu kwa mkono mmoja, akamtazama yule mtu, na akaongea, yeye ambaye hakupaswa kuongea kabla ya kumwaga.

"Mwanangu," alisema, "hayo maji tu ndiyo tuliyokuja kuomba."

Kisha akakinyanyua kibuyu chake kikiwa kimejaa vilevile, akanishika bega, tukaanza kushuka nacho.