Nyumba Hii Mko Wangapi?

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, karibu kila kijana wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, aliyemaliza sekondari alipata kazi ya kuuliza watu maswali. Mimi niliuliza yangu nyumba kwa nyumba, kisha nikaingizwa ofisini, ndani ya kontena lenye baridi ya kutetemesha, nijifunze kusoma majibu. Aliyenifundisha alikuwa mtaalamu wa takwimu kutoka Maputo, dada mpole aliyeniambia "com calma", yaani taratibu, kila nilipokurupuka. Na mimi kukurupuka ndiyo tabia yangu.

Swali kuu lilikuwa moja: nyumba ikitakiwa kuhama kupisha kiwanda, itakubali au itakataa? Kukubali tuliandika moja, kukataa sifuri. Hesabu yenyewe aliiita regressão logística. Inachukua mambo ya nyumba, kama shamba, umri wa mwenye nyumba na idadi ya watu, halafu inalipa kila jambo namba inayoeleza linaivuta nyumba upande gani. Jambo likipata moja, halivuti kokote. Likizidi moja, linavuta kwenye kukubali. Likipungua, linavuta kwenye kukataa.

"Hili limepata nusu," nikasema kwa majidai. "Maana yake nusu ya watu wamekubali."

"Com calma. Hiyo si idadi ya watu. Angalia wanaokubali kwa kila anayekataa. Tuseme walikuwa wanne kwa mmoja. Jambo hili likiongezeka, wanakuwa wawili kwa mmoja. Bado wengi wanakubali, ila mvuto umepungua. Na hapo mambo mengine yote yamebaki vilevile."

Yamebaki vilevile! Nilicheka peke yangu. Nje tingatinga lilikuwa linang'oa mikorosho niliyoichezea utotoni.

Kilichotushangaza ni idadi ya watu. Tulidhani nyumba yenye watu wengi ingekimbilia kuhama, maana iliahidiwa vyumba zaidi. Jibu likaja chini ya moja. Kila mtu aliyeongezeka aliivuta nyumba kwenye kukataa, na safu ya pembeni ilionyesha kuwa si rahisi jambo hilo liwe limetokea kwa bahati tu.

Nikaitafuta nyumba yetu kwenye majibu. Hatukuruhusiwa kuhoji nyumbani kwetu, kwa hiyo mwenzangu ndiye aliyekwenda. Aliandika tuko wanne. Tulikuwa wawili, mama na mimi. Nikatazama jirani yetu mjane, anayeishi peke yake: watatu. Damu ikanichemka. Nikamwambia dada yule kwamba wenzangu walikaa kivulini wakabuni majibu.

"Rudi ukaulize," akasema. "Uliza waliolala humo jana usiku. Hapo hakuna wa kukosea."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mjane alikuwa anachambua choroko kibarazani.

"Bibi, jana usiku mlilala wangapi humu ndani?"

"Watatu."

"Si unaishi peke yako?"

"Mchana, ndiyo," akajibu, wala hakuinua kichwa.

Nikaenda kwa majirani. Nyumba ya pili, ile ile namba ya mwanzo. Ya tatu hivyo hivyo, na mwenye nyumba alinishangaa mimi. Kwetu Alhamisi jioni tunafukiza ubani, kwa sababu waliotutangulia huja kutazama kama bado tunawakumbuka. Hilo nililijua tangu utoto. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wanawahesabu.

Nikaenda nyumbani mbio.

"Mama, ulimwambia mwenzangu tuko wanne?"

"Ndiyo. Miye, weye, baba'ko na nduguyo."

Baba amezikwa nyuma ya nyumba. Mdogo wangu alivuka mdomo wa mto Rovuma kutoka Namoto kwenda Tanzania kununua bidhaa, chombo kikapinduka, na mwili haukuonekana mpaka leo.

"Makaburi watayahamisha kwa heshima," nikamwambia. "Shehe atakuwepo."

"Baba'ko atakwenda nasi, sina wasiwasi. Nduguyo watamchukua wapi? Yeye anaujua mlango huu tu."

Nilirudi ofisini nikamweleza dada yule, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema hesabu haikukosea, ila sisi hatukujua tunasoma nini. Akafuta jina la safu ile, "idadi ya watu", akapaacha patupu.

Nyumba yetu hesabu iliipa uwezekano wa kukubali uliozidi nusu kidogo tu. Mama alikubali mwishoni, baada ya majirani wote kuondoka na vumbi kuingia mpaka kwenye chungu. Tukapewa nyumba ya saruji, inayofanana na ya kila mtu. Alhamisi ya kwanza mama alifukiza ubani, akaacha mlango wazi. Kesho yake akaja kijana mwingine wa maswali.

"Nyumba hii mko wangapi, mama?"

Mama aliangalia mlango kwanza.

"Watatu," akasema. "Mmoja hajafika."

Niliingia chumbani nikalia kama mtoto. Siku zote hizo nilikuwa nimeshamtoa mdogo wangu kwenye hesabu, na sasa alipopungua katika kinywa cha mama ndipo nilipofiwa.

Nilipanda pikipiki mpaka Namoto. Nikasimama ukingoni na aibu yangu yote, nikamwambia kwa sauti: ukitoka hapa shika barabara ya Palma, usiingie kwenye njia yetu ya zamani, imefungwa kwa ua wa waya. Pita tangi la maji, tafuta mlango wenye pazia la kijani, mama ameliweka lile lile.

Nilipogeuka, mama mmoja muuza samaki alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni lake. Alikuwa mtu wa kijiji chetu, tumehamishwa pamoja. Nilidhani atanicheka.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Taratibu, na wangu asikie."