Thamosi ya Mutheu

Miaka saba Shivachi wa Kabiro alibeba ovari za ng'ombe kutoka kichinjioni hadi maabara, na hakuna aliyewahi kumpiku. Kila alfajiri alizipokea zikiwa bado na joto la mnyama, akazitumbukiza kwenye thamosi ya maji ya chumvi vuguvugu, akadandia bodaboda. Maabarani waliyafyonza mayai yaliyomo kwa sindano, wakayalaza kutwa kucha kwenye kabati la joto hadi yakomae, ndipo yakutanishwe na mbegu ya fahali. Yasipokomaa, hakuna ndama.

Sasa sikieni kilichomkuta. Alikuja Mutheu, binti wa Kisumu Ndogo, mbebaji kama yeye, mwezi wake wa pili tu kazini. Daktari Nzilani wa maabara akaandika ubaoni: katika kila mayai mia, ya Shivachi yaliyokomaa hamsini, ya Mutheu, sabini na mbili.

"Ijumaa," Daktari akasema, "mwenye mayai bora nitamfunza hadubini. Nafasi ni moja."

Hadubini hiyo Shivachi alikuwa akiiota miaka yote saba. Hata kicheko cha Mutheu sasa kilimchoma.

"Ana dawa huyo," alimwambia mkewe, Musimbi.

"Ana akili. Kula ugali, Baba Elvis, roho ipoe."

Alhamisi, kichinjioni, aliiona thamosi ya Mutheu peke yake juu ya ukuta. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kulegeza kifuniko tu, nani atajua? Alipokifungua, mvuke ukampiga usoni. Maji ya moto kabisa! Leo huyu atazipika ovari kama matumbo! Akakifunga polepole, akangoja kwa raha zake.

Mutheu akaja na ovari zake, akamwaga maji yote chini, chwaa, ndipo akatia yale ya chumvi.

Shivachi akashindwa kujizuia. "Kwani thamosi nayo inaogeshwa?"

"Aki, mzee wangu, mamangu anauza uji. Ukimimina kwa thamosi baridi, thamosi ndiyo inakunywa joto kwanza. Si ujaribu? Maji yamebaki kwa jagi."

"Nilianza kazi hii wewe ukivaa nepi."

Akatia maji yake kwenye thamosi baridi vilevile, huku akijua anachofanya. Aliona heri kushindwa kuliko kushinda kwa ujanja wa yule binti.

Ijumaa ubao ukasema hamsini na moja kwa sabini na tano. Mutheu akakikalia kiti cha hadubini, na Shivachi akagundua kwamba kushindwa nako kunauma, tena sana.

Jumatatu, kabla ya kwenda kichinjioni, alipitia kwa mama muuza chai wa kituo cha 56, akajaziwa thamosi maji ya moto.

Jumanne Mutheu akainua jicho kutoka kwenye hadubini. "Sabini na nne! Mzee wangu, umefanyaje?"

"Nilibadilisha bodaboda," Shivachi akajibu, akatoka kwenda kuosha thamosi.