Geti Lenye Kiuno

Mtaani walimwita Cheche, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi, ambalo siku hizi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alishika mashine akiwa binti, baba yake akiwa bado mwenye karakana, na sasa alikuwa bibi wa mjukuu mmoja, na nyusi zake zilikwisha kuungua mara nyingi hata zikakata tamaa ya kuota. Ukitaka geti la kuzuia mwizi, ulikwenda kwa Cheche. Ukitaka geti la kutazama, basi Mungu akusaidie. Mageti yake yote yalikuwa ndugu wa tumbo moja: nondo za wima, nondo za kulala, na juu mikuki. "Geti si ua," alizoea kusema. "Geti ni geti."

Mwenyewe alikuwa amefanana nayo. Kuinama juu ya vyuma miaka yote hiyo kulimkausha mgongo, na ukimwita kwa nyuma hakugeuza shingo, aligeuka mzima mzima kama kabati linalohamishwa. Mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekaa naye nyumba moja, alimwona kila asubuhi akivaa buti huku ameegemea ukuta na kuguna, akamsikitikia moyoni.

Basi ikaja kazi ya zahanati. Daktari mwenye zahanati ya wajawazito, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, alitaka geti jipya. Cheche akampelekea mchoro. Daktari akautazama, akaurudisha. Akapelekewa wa pili, wenye mikuki mifupi zaidi, kwa kuwaheshimu wajawazito. Daktari akavua miwani.

"Fundi, wanawake wanakuja kwangu wakiwa na uchungu. Wewe unataka wapite kwenye gereza kwanza. Usiniletee karatasi tena. Nenda utengeneze kitu kilicho hai, ukilete nikione. Na kisiwe cha kunakili! Yule aliyenitengenezea bango la mbele aliniapia kwamba amelibuni mwenyewe, nikaja kukuta pacha wake kwenye duka la majeneza."

Kwa fundi mwingine maneno hayo yangemezwa kwa maji yakapita. Kwa Cheche yalikuwa kufa na kupona. Karakana aliirithi pamoja na mdogo wake wa kiume, bwana aliyependa shati safi, ambaye hakuwahi kushika koleo ila kulisogeza apate pa kukaa. Kazi yake ilikuwa simu na wateja. Wateja wenyewe walikuwa wanapungua, wanakimbilia mageti ya kiwandani yanayokuja yamekwisha pakwa rangi, na mdogo mtu alikuwa amechoka kuwabembeleza.

"Dada, nisikilize," alimwambia mchoro wa pili uliporudi. "Hili la daktari likikataliwa, tunazima mashine. Kuna mtu yuko tayari kutuletea mageti ya kiwandani, sisi tuuze tu. Wewe utakaa kwenye kiti, utapokea watu. Utapumzika."

"Kupumzika ni kaburini."

"Dada, jamani!"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alijibu Cheche, lakini sauti ilimsaliti. Alijiona amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono safi, akisifia mageti ya watu asiowajua. Hata hivyo alilikubali sharti hilo. Geti moja lingeamua kama yeye ni fundi au ni mlinzi wa duka.

Jumamosi ile mkwewe akamwambia, "Mama, twende ukanyooshe mgongo. Kuna mazoezi ya kina mama pale juu ya duka la magodoro." Hakutaja ni mazoezi gani. Mtoto wa watu ana akili, angetaja, asingempata.

Kumbe ilikuwa densi ya tumbo. Chumba kilikuwa na kioo ukuta mzima, sakafu ya mbao inayolia, na harufu ya magodoro mapya iliyopanda ngazi bila kualikwa. Wanawake wa kila umbo walikuwa wamejifunga viunoni mikanda ya vibati vinavyolialia. Mwalimu, ambaye siku za kazi aliuza dawa famasi na kuwaambia watu "kutwa mara tatu", akaweka muziki wa ngoma na zumari, akaanza kuzungusha nyonga polepole, tumbo likienda huku na kifua kikibaki kule, kana kwamba havikuzaliwa pamoja. Cheche akamgeukia mkwewe, mzima mzima.

"Haya ndiyo mazoezi?"

"Ndiyo, mama."

"Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu. Mimi nimeshakauka."

 Mkwewe alimfunga mkanda, akaukaza, akarudi nyuma kumwangalia kama anayeangalia pazia jipya.

Muziki ule ulikuwa na mtego. Ngoma ilinong'ona, ikanong'ona, kisha ikapiga kishindo kimoja kikubwa, na hapo wote walitakiwa kutupa nyonga. Kishindo kikaja. Wenzake wakatupa nyonga. Cheche akatupa kichwa: kidevu kifuani, macho yamefumbwa, pumzi imebanwa. Kishindo cha pili, kichwa tena. Cha tatu, vilevile. Mwalimu akazima muziki.

"Mama, shingo inakusumbua?"

"Hapana."

"Mbona kama unasinzia ghafla?"

Ikabidi aeleze. Fundi wa kuchomelea huweka kinyago cha kukinga macho juu ya paji la uso. Mikono yote ina kazi, kwa hiyo kabla moto haujaruka hutikisa kichwa mara moja, kinyago kikadondoka usoni. Cheche alikuwa akifanya hivyo tangu usichana. Mwili wake ulijua jambo moja tu kuhusu kishindo: kikija, funika uso. Aliposema hivyo chumba kizima kilivunjika mbavu, na bibi mmoja mnene ikabidi akae chini.

Cheche aliumia. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mtu wa moto na nyundo, na sasa alikuwa kichekesho juu ya magodoro. Akashuka ngazi amenuna. Alipofika katikati, mkwewe akamwita kutoka juu, "Mama, mkoba!" Cheche akageuka. Aligeuza shingo tu. Mabega yalibaki yakitazama chini. Akasimama palepale, akaijaribu tena shingo, kushoto, kisha kulia, kwa tahadhari, asije akaiharibu.

"Wiki ijayo mnaanza saa ngapi?" akauliza, kwa ukali ili asionekane amefurahi.

Akarudi wiki ile, na iliyofuata. Kichwa chake hakikuacha tabia, na mwalimu alipoona hivyo akamwambia, "Mama Fundi, usikizuie. Kitupe, lakini macho yawe wazi." Kichwa cha Cheche kikawa hatua, na wenzake wakaiga, wakaiita "kinyago". Nyonga nazo zikaanza kumsikia, moja baada ya nyingine. Siku moja, mbele ya kile kioo, akiwa ametota jasho na vibati vikilia kwa zamu, alikumbuka jambo alilolijua siku zote na hakuwahi kujiambia. Samaki ndiye anayekunjwa akiwa mbichi. Chuma hakina ubichi wala uzee. Kinakunjwa kikiwa moto. Akacheka peke yake kwa sauti. Tangu mumewe afariki hakuwahi kuufurahia mwili wake hivyo. Aliufanya kuwa kitu cha kubebea vyuma tu.

Karakanani hakumwambia mtu. Mdogo wake alikwisha kutoa hukumu yake siku nyingi, alipopita chini ya dirisha lile na kusikia ngoma: "Kina mama watu wazima, wana wajukuu, wanakata viuno juu ya duka! Hawana kazi nyumbani?" Kwa hiyo mkanda wa vibati ulilala ndani ya sanduku la vifaa, chini ya vijiti vya kuchomelea, umefungwa kwa kitambaa ili usijitaje.

Na geti je? Geti lilikuwa limeanza kumjia, na ndilo lililomtesa. Akifumba macho aliliona likipanda na kuvimba na kujirudi. Akishika penseli, linakufa. Mkono wake ulikuwa umelelewa na rula. Alichana karatasi, akachana nyingine, na kila ikichanika alikiona kile kiti cha plastiki kikimsogelea.

Ndipo mchana mmoja, mafundi wengine wakiwa wamekwenda kula, alisimamisha bati jeusi ukutani, akafunga kipande cha chaki kwa waya kwenye mkanda, palepale kwenye nyonga. Akaweka muziki wa simu kwa sauti ya chini. Akasimama ubavu kwa bati, akakunja magoti mpaka chini, akaanza kupanda akicheza. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Akafuta. Akarudia polepole, kama alivyofundishwa, akiiacha nyonga iende ikatosheke kabla ya kuirudisha. Muziki ulipokwisha akageuka kutazama.

Palikuwa na mstari mweupe. Ulianzia chini, ukavimba, ukajirudi, ukajisokota, ukapanda tena mpaka juu. Cheche akashika mdomo. Haukuwa ua wala nyoka wala wimbi, lakini ulikuwa hai, na ulikuwa wake.

"Nini hiki?" Mdogo wake alikuwa mlangoni.

Cheche akazima simu. "Vipimo."

"Vya nini?"

"Vya geti."

"Na mbona umejaa chaki kiunoni?"

"Karakana ina vumbi. Ungekuwa unafanya kazi humu ungejua."

Siku zilizofuata moto haukuzimika. Cheche alivikunja vyuma bapa vikiwa vyekundu, akavilaza juu ya ule mstari wa chaki, aliokwisha kuukuza ufikie urefu wa geti, na pale chuma kilipobishana na mstari hakukipiga nyundo kwa hasira kama zamani. Aliweka koleo chini, akaisogeza nyonga kidogo, akasikia uzito unakwenda wapi, kisha akaendelea. Mafundi walitazamana. Mdogo wake alizunguka lile geti, mikono nyuma, roho juu.

"Dada, geti gani hili lina kiuno?"

"Subiri."

"Chuma chote hiki kimekwenda! Akikataa, tumekwisha."

"Nimesema subiri."

Siku ya kulifunga pale zahanati, mkwewe naye alikuja kuona. Wajawazito walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje wakingoja zamu. Geti likaingia kwenye bawaba zake bila kelele, mbawa mbili zilizotazamana, mstari wa huku ukimjibu wa kule. Juu hapakuwa na mkuki hata mmoja. Chuma kilipanda, kisha kikainama ghafla, na kuishia hapo. Daktari akaja, akalipitishia kiganja kutoka chini mpaka alipofika urefu wake. Akarudi hatua mbili, akalitazama tena.

"Zuri," akasema. Cheche hakupumua. "Zuri mno, na hapo ndipo ninapopata shaka. Juzijuzi uliniletea mikuki, leo hili. Umeliiga wapi?"

"Sikuiga. Ni langu."

"Limetoka wapi?"

"Limetoka kichwani mwake, daktari," mdogo wake akadakia. "Dada yangu ni fundi wa—"

"Kichwa kilekile cha mikuki?"

 Mdogo mtu akamtazama dada yake, na Cheche akaona machoni mwake kwamba hata yeye hakuamini. Hilo lilimchoma kuliko maneno ya daktari. Angeweza kueleza, lakini alijua maelezo yake yangesikika kama uongo wa mtoto. Akapiga moyo konde. Akaliendea sanduku la vifaa, akaondoa vijiti vya kuchomelea, akafungua kile kitambaa. Vibati vikalia.

"Dada, unafanya nini?"

"Naleta ushahidi."

Akaufunga mkanda juu ya ovaroli, mbele ya daktari, mafundi, wagonjwa na ndugu yake wa damu. Akasimama ubavu kwa geti, akakunja magoti mpaka chini. Hapakuwa na muziki, kwa hiyo mkwewe akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa ule mnong'ono wa ngoma. Cheche akaanza kupanda. Chuma kilipovimba, nyonga yake ikavimba. Kilipojirudi, ikajirudi. Kilipojisokota, akajisokota, na watu wakawa wanatazama huku na kule, geti na mtu, mtu na geti, hadi alipofika juu kabisa, pale chuma kinapoinama. Mkwewe akapiga kofi la kishindo. Cheche akatupa kichwa, macho wazi.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwenye benchi. Mama mmoja mwenye tumbo kubwa akanyanyuka, mkono mgongoni, akajaribu kuufuata mstari kwa nyonga zake, akacheka mpaka mwenzake akamshika asianguke. Daktari alikuwa anafuta miwani isiyo na uchafu.

"Na madirisha," akasema. "Madirisha yote. Na usinichoree kwanza."

Mdogo wake alibaki amesimama, shati safi, macho yamejaa maji. Mcheza kwao hutunzwa, naye alijua. Akajipapasa mifukoni atafute cha kumtunzia dada yake, akakuta futi ya kupimia tu. Akaivuta, akataka kumvisha shingoni. Futi ya chuma ikakataa kupinda, ikaruka, ikampiga mwenyewe puani, na wote wawili wakacheka kama enzi za baba yao.

"Dada," akasema akishika pua, "sasa yule mtu wa mageti ya kiwandani nimwambieje?"

"Mwambie mashine iko moto," akasema Cheche, na akageuza shingo, shingo peke yake, kulitazama geti lake.