Agizo Chini ya Picha ya Mkwe wa Bosi

Wallahi, uso wangu nimeuacha ofisini kwetu, mtaa wa Ruwi. Bosi wa gazeti letu alinunua kiolezo cha kurasa kutoka Uswidi. Miye nikajitapa nakijua Kiswidi, kwa kuwa niliwahi kukaa kwa shangazi kule. Maneno yake nikayafasiri kwa Kiingereza humohumo ukurasani: safu, kichwa cha habari, hata agizo kwa mpanga kurasa chini ya nafasi ya picha. Bingwa! Mwenzangu akaweka picha ya mkwe wa bosi, maneno yangu akayaacha, akidhani ndiyo habari yenyewe. Gazeti likachapwa.

Asubuhi mkwe yupo ofisini, kahawa na halua mbele yake.

"Bi Zuwena," bosi akaniambia, "hebu msomee Baba kilichoandikwa chini ya picha yake, kwa Kiswahili."

Nikalifungua gazeti, nikamsomea:

"Nafasi ikiwa ndogo, huyu akatwe shingoni."

Mzee akashika kilemba.