Kalamu Isiyochujuka

Wewe, ukimwona mwanamke wa makamo akichagua daftari dukani, kwa nini unamuuliza mtoto wake yuko darasa la ngapi?

Nauliza kwa sababu juzi nilimsindikiza mama mdogo kwenye duka la vifaa vya kuandikia, na hadi sasa kinywa changu ni kichungu. Mama mdogo anafua mashuka ya hospitali. Alianza kazi hiyo mimi bado natambaa, na dawa ya madoa imemlamba vidole hadi ngozi imekuwa laini kama sabuni iliyolowa. Aliniambia, huku akitazama pembeni kama mtu anayeomba kitu kisicho chake, kwamba anataka kuandika. Si hesabu, si barua.

"Ya kwangu tu," alisema. "Yamenijaa, mwanangu. Nikiyasema nyumbani yanageuzwa utani."

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu. Shati alikuwa amelipiga pasi, adabu akaisahau. Hakusubiri hata salamu iishe.

"Mtoto yuko darasa la ngapi, mama?"

"Ni langu mimi."

"Aa, una biashara." Akamtupia daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.

Mama mdogo akaonyesha jeusi, la jalada gumu, ndani ya kabati la kioo.

"Hilo ni la watu wa ofisini."

"Hata mimi nina ofisi," akajibu. "Ila yangu ina mvuke."

Nilicheka peke yangu.

Ikaja zamu ya kalamu. Wengine huchora viduara kwenye kipande cha boksi, wakaridhika. Yeye aliandika jina lake, akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua. Wino ukachujuka. Akachukua nyingine, akasugua tena. Kazini kwao jina la wodi huandikwa kwenye pindo la shuka, na lisipostahimili maji shuka limepotea. Basi hawezi kuamini wino ambao hajausugua. Tena mikono yake haikauki kamwe.

"Mama, unanipakia mate bidhaa," muuzaji akasema, kisha akawageukia wateja. "Kwani huyu anaandika wosia wa mali gani?"

Wakacheka, wanaume wazima wenye tai shingoni. Nilifungua mdomo, mama mdogo akanifinya mkono.

"Acha. Tumekuja kununua kalamu, hatukuja kununua ugomvi."

Aliipata, nene, isiyochujuka. Akalichukua na lile daftari jeusi.

Nyumbani tulimkuta baba mdogo, mumewe, amejilaza kwenye kochi.

"Sasa unamwandikia nani?"

"Najiandikia."

"Hakuna mtu anayejiandikia. Mtaje tu, tumjue." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanikonyeza, kana kwamba mwanamume ni lazima acheke na mwanamume mwenzake. Chuoni tulijadili namna serikali zinavyowafunga watu midomo, tukajaza kurasa. Hakuna aliyetuambia kwamba kazi hiyo hufanywa sebuleni, na mtu aliyelala chali.

Kesho yake asubuhi nilipita kwao, maana njia yetu ya kazini ni moja. Baba mdogo alikuwa mezani, daftari jeusi limefunguliwa mbele yake, na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa anapanga kikosi cha timu yake, kuanzia kipa.

"Kalamu tamu hii," akaniambia.

Mama mdogo alitoka chumbani na sare yake ya kazi. Akatazama ukurasa. Hakupaza sauti. Aliitoa kalamu katikati ya vidole vya mumewe, akauchana ukurasa ule taratibu kufuata mshono, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa shati la mumewe na kuupigapiga.

"Timu yako hiyo, baba watoto," akasema. "Sasa sogea, unanizibia mwanga."

Mwanamume akasogea. Mama mdogo akavuta kiti, akaketi, akaanza kuandika, na muda wa kwenda kazini ukatupita sote tukiwa tumesimama tunamtazama.